Muulize Mwalimu: Waache Wakisie Kwanza

Barua za safari hii karibu zote zinauliza habari za zana za kufundishia: zana za sayansi, za hisabati, za jiografia, za historia. Nimejibu nane. Nyingine zimefanana na hizi, kwa hiyo asiyeona yake aitafute ndani ya ya mwenzake. Mimi nimefundisha kwa miaka thelathini na mmoja, na ninayoyaandika hapa nimeyafanya kwa mikono yangu mbele ya wanafunzi, mengine mara nyingi sana.

Shikamoo, Mwalimu. Nina mwaka wa tatu kazini, nafundisha sayansi darasa la sita. Kila wiki natengeneza kitu. Nimechora mfumo wa mmeng'enyo kwenye manila, nimefinyanga moyo kwa udongo, nimelipua volkano. Siku ya zana darasa huchangamka mpaka wa darasa la jirani wanakuja kuchungulia. Lakini nikitoa jaribio wiki inayofuata, ni kama sikuwahi kufundisha. Niongeze nini?
*Mwalimu Mchanga*

Marahaba, mwanangu. Umeitaja volkano, nami nitaanza nayo hiyo hiyo, maana ndiyo iliyonifundisha kazi.

Katika mwaka wangu wa pili nilijenga mlima kwa magazeti na gundi, nikaupaka rangi, nikatia magadi soda ndani ya kopo katikati, nikamimina siki yenye rangi nyekundu. Povu likafurika, watoto wakapiga makofi. Wiki iliyofuata nikauliza kwenye jaribio: kwa nini volkano hulipuka? Binti mmoja makini, ambaye daftari lake halikuwa na doa, aliandika: "Volkano hulipuka siki iliyo chini ya ardhi inapokutana na magadi." Nilikaa na daftari lile muda mrefu, nikashindwa kulitia alama ya kosa. Alikuwa ameandika kwa usahihi kabisa kile nilichomwonyesha.

Kinachosukuma volkano nyingi kulipuka ni gesi zilizoyeyuka ndani ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi. Magma inapopanda, shinikizo linapungua, gesi zinajitenga na kuwa mapovu, mapovu yanaisukuma magma nje. Chupa ya soda ya kunywa, iliyotikiswa kisha ikafunguliwa, inaonyesha jambo hilo kwa ukweli zaidi kuliko mlima wangu wote wa magazeti. Haina rangi wala moshi, lakini sababu yake inafanana na sababu ya kweli. Hiki ndicho kipimo changu cha kwanza kwa zana yoyote: je, inatenda kwa sababu ile ile, au inafanana kwa sura tu?

Cha pili, na hapa nadhani ndipo unapokwama: wanafunzi wako wanatazama tu. Hawajaweka lolote mezani kabla ya kutazama, kwa hiyo hawana cha kupoteza wala cha kupata. Usiongeze zana hata moja mwezi huu. Chukua uzi na kijiwe.

Kifunge kijiwe, pima sentimita 25 kutoka pale uzi utakaponing'inia hadi katikati ya jiwe (katikati, si mwanzo wa jiwe), kisha uning'inize kwenye ukingo wa meza. Mbembeo mmoja ni kwenda na kurudi. Kabla hujaachia, uliza: mbembeo kumi zitachukua sekunde ngapi? Kila mtoto aandike namba yake kwa wino, si kwa penseli, maana penseli hufutwa kimyakimya jibu likishajulikana. Kisha achia, usivute mbali sana. Zitakuwa sekunde 10, au karibu sana na hapo. Wengi watahesabu "moja" jiwe linapoachiwa, na hivyo watakuwa wamepata mbembeo tisa wakidhani ni kumi. Wazoeshe kusema "sifuri" wakati wa kuachia.

Sasa uliza swali lenyewe: nikitaka mbembeo kumi zichukue sekunde 20, uzi uwe na urefu gani? Darasa litajibu kwa sauti moja kwamba ni sentimita 50. Waandike. Wapime. Itatoka sekunde 14. Hapo utaona nyuso zinabadilika. Mmoja atasema wamehesabu vibaya, warudie. Itatoka 14 tena. Waache wahangaike na 60, 75, 90. Sekunde 20 zinapatikana uzi unapofika mita moja: urefu mara nne, muda mara mbili. Halafu wabadilishie jiwe zito zaidi, urefu uwe ule ule, wakisie tena. Muda hautabadilika, na nusu ya darasa haitaamini mpaka ishike uzi kwa mkono wake.

Mtoto aliyeandika 50 kwa wino na kuona 14 hasahau. Fanya hivyo na moyo wako wa udongo pia. Kabla hujaupasua, waulize upande upi una ukuta mnene zaidi, na kwa nini.

Mwalimu, wanafunzi wangu wa darasa la nne wanasema 1/8 ni kubwa kuliko 1/4 kwa sababu nane ni kubwa kuliko nne. Na 1/2 kujumlisha 1/3 wananipa 2/5. Nimechora miduara ubaoni mpaka chaki imeisha. Kuna zana gani nzuri ya sehemu?
*Mwalimu wa Darasa la Nne*

Achana na miduara, mwenzangu. Kugawa mduara sehemu tatu sawa kwa mkono ni kazi ngumu hata kwako. Chukua karatasi, ukate vipande virefu vyembamba, kila kimoja sentimita 24 kamili. Usichukue 20 wala 25. Ishirini na nne inagawika kwa 2, 3, 4, 6, 8 na 12 bila kubaki, kwa hiyo watoto wanakunja na kupima wenyewe: nusu ni sentimita 12, theluthi 8, robo 6, moja ya sita 4, moja ya nane 3. Waandike jina la kila sehemu juu yake na kuviweka kwenye bahasha. Bahasha hiyo itatumika mwaka mzima.

Aliyesema 1/8 ni kubwa, usimsahihishe. Mwambie alaze kipande chake cha 1/8 juu ya 1/4. Yeye mwenyewe ndiye atakayesema, na akishasema muulize imekuwaje kwamba namba ya chini imekua na kipande kimepungua. Subiri. Jibu la "kwa sababu tumewagawia wengi zaidi" likitoka kinywani mwa mtoto lina nguvu kuliko likitoka kwako.

Na ile 2/5, ambayo kila mwalimu wa hisabati duniani ameiona, iache ijihukumu. Moja ya tano ya sentimita 24 ni 4.8, kwa hiyo 2/5 ni sentimita 9.6. Ilaze pembeni mwa nusu, yenye 12. Waulize: inawezekanaje tumechukua nusu, tukaiongezea kitu, tukabaki na kidogo kuliko nusu? Kisha waunganishe kipande cha nusu na cha theluthi, ncha kwa ncha, na watafute kipande kimoja kinachoweza kuvipima vyote viwili bila kubaki. Watajaribu robo, itagoma. Watajaribu moja ya sita: tatu zinaingia kwenye nusu, mbili kwenye theluthi, jumla tano. Sasa neno "asili ya pamoja" (namba ya chini inayofaa sehemu zote mbili) lina maana, kwa sababu wameishika kabla ya kuisikia.

Jambo moja la kuchunga: mpe mtoto mmoja kipande kirefu na mwingine kifupi, wote wakunje nusu, na uulize kama nusu zao ni sawa. Mkanganyiko mwingi wa sehemu unatokana na kusahau kwamba tunalinganisha sehemu za kitu kizima kilicho sawa.

Mwalimu, nafundisha jiografia. Kontua zimenishinda kuzifundisha. Wanafunzi wanazikariri ("mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa") lakini ukiwapa ramani hawaoni mlima, wanaona alama za kidole. Pia nishauri kuhusu ramani ya dunia ya ukutani, maana ndiyo zana pekee niliyo nayo.
*Msoma Ramani*

Unahitaji udongo wa mfinyanzi, uzi imara na penseli. Finyanga kilima chenye urefu wa sentimita tano au sita, upande mmoja mkali kama ukuta, upande mwingine umelala taratibu. Kiweke mezani na uwaambie wachore jinsi ramani ya kontua ya kilima hiki itakavyokuwa. Kusanya michoro.

Kisha toboa kilima kwa penseli kutoka kileleni hadi chini, moja kwa moja. Usiiruke hatua hii. Utaona faida yake. Shika uzi kwa mikono miwili, uukaze, na ukate kilima kwa mlalo kila baada ya sentimita moja. Uzi unapita kwenye udongo laini bila kuuharibu. Sasa una matabaka. Weka tabaka la chini kwenye karatasi, chora mzingo wake, weka nukta kwenye tundu la penseli. Liondoe, weka tabaka linalofuata ukilinganisha tundu na ile nukta, chora tena. Endelea hadi kilele. Bila lile tundu matabaka yatahama na ramani itadanganya.

Watakapoona mistari imebanana upande mmoja na kutawanyika upande wa pili, usiseme kitu. Warudishie michoro yao ya mwanzo. Nimewahi kumwona mvulana akichukua lile rundo la matabaka, akalijenga upya, akapitisha kidole upande mkali, akashuka hadi kwenye karatasi na kukipitisha juu ya mistari iliyobanana, juu na chini, mara tatu. Alikuwa ameelewa kwa kidole kabla ya kuelewa kwa maneno.

Kuhusu ramani ya ukutani: tazama Greenland. Kama inaonekana kubwa sawa na Afrika, una ramani ya makadirio ya Mercator (namna yake ya kuilaza dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa), iliyotungwa mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia. Sifa yake ni kwamba mwelekeo mmoja wa dira unachoreka kama mstari mnyoofu, na hilo ndilo baharia alilohitaji. Gharama yake ni kwamba nchi zinavimba kadiri unavyokaribia ncha za dunia. Kwa kweli Afrika ina kilomita za mraba zipatazo milioni 30, na Greenland milioni 2 na kidogo; Greenland ingeingia ndani ya Afrika kama mara 14. Wape watoto karatasi ya miraba, wafuatishe maumbo yote mawili na kuhesabu miraba, ndipo uwape tarakimu za kweli. Kisha pasua mpira mkuukuu na uwaombe waulaze bapa mezani bila kuukunja wala kuuchana. Hawataweza, wala mchora ramani hawezi. Kila ramani bapa imelazimika kuharibu kitu, na swali zuri la kuiuliza ramani ni: wewe umeharibu nini ili uhifadhi nini?

Na ukipata ile picha ya dunia nzima iliyopigwa na wanaanga wa Apollo 17 tarehe 7 Desemba 1972, waonyeshe ikiwa imegeuzwa kama ilivyopigwa, kusini juu. Wataipindua wenyewe. Waulize ni nani aliyesema kaskazini ndiyo juu.

Nina wanafunzi sabini na wawili. Hayo ya uzi na kijiwe nayafanyaje?
*Aliyezidiwa*

Pole, ndugu yangu. Kitu kimoja mbele ya wanafunzi sabini kinaonekana na madawati mawili ya mbele tu; wengine wanaona mgongo wako. Ndiyo maana nasisitiza uzi, jiwe na karatasi: vitu ambavyo kila kikundi cha watano kinaweza kuwa na chake. Katika kila kikundi awepo mpimaji, mhesabu, mtunza muda, mwandishi, na mmoja wa kukataa, ambaye kazi yake ni kuuliza "una hakika?" kila matokeo yanapotajwa. Wabadilishane nafasi kila kipindi. Makundi yote yaandike matokeo yao ubaoni. Hapo wingi wao unakuwa faida: majibu kumi na manne ya jaribio moja yanafundisha wastani, na yanafundisha kwamba kipimo hakitoki sawa kila mara, jambo ambalo darasa dogo haliwezi kuliona vizuri.

Mwalimu, kwa wanafunzi wangu historia ni tarehe za kukariri. Mmoja aliniuliza kama bibi yake aliwaona dainosaria. Nisaidie.
*Mpenda Historia*

Swali la mtoto huyo ni zuri kuliko unavyodhani. Kwake "zamani" ni chumba kimoja kikubwa ambamo wamo bibi, mafarao na dainosaria pamoja. Kazi yako ni kukipa chumba hicho urefu.

Tafuta kamba ya mita 46. Uwanja ukiwa mfupi, ikunje mara mbili. Umri wa dunia ni kama miaka bilioni 4.6, kwa hiyo kwenye kamba yako sentimita moja ni miaka milioni moja. Ncha moja dunia inaanza, ncha nyingine ni leo. Wape watoto vibanio vya nguo na uwaambie wabane pale wanapodhani uhai ulianza, dainosaria walitokea, dainosaria walitoweka, na binadamu wa kwanza wa aina yetu alizaliwa. Watatawanya vibanio kote katikati. Kisha tembea nao. Dalili za uhai tunazozijua zinafika angalau mita 35 kutoka kwenye leo. Kutoka hapo utatembea mita nyingi mno ambazo hazina mnyama wala mti. Dainosaria wanaingia ikiwa imebaki mita 2 na sentimita 30 tu, na wanatoweka kwenye sentimita 66. Binadamu wa aina yetu, wenye miaka ipatayo 300,000, wako milimita 3 kutoka mwisho. Maandishi yote ya binadamu, miaka 5,000 hivi, ni nusu ya unene wa karatasi ya daftari. Niliwahi kuwapa karatasi waishike hapo mwisho wa kamba, na hakuna aliyezungumza kwa muda.

Kamba hiyo hiyo usiikunje bado. Siku ya pili badilisha kipimio: sasa sentimita moja ni mwaka mmoja. Mtoto wa miaka 12 abane sentimita 12 kutoka ncha ya leo. Mama yake abanwe, bibi yake abanwe. Mwaka 1969, binadamu alipokanyaga mwezi, uko karibu kabisa, ndani ya mita ya kwanza. Uchapishaji wa vitabu wa Gutenberg, kule Ujerumani, uko kwenye mita ya sita. Cleopatra, malkia wa Misri aliyekufa mwaka 30 kabla ya Kristo, yuko kama mita 20 na nusu. Na piramidi kuu la Giza, huko Misri, liko karibu na ncha ya pili, kwenye mita 45 au 46. Waulize kabla ya kubana: Cleopatra alikuwa karibu zaidi na ujenzi wa piramidi au na safari ya mwezini? Watasema piramidi. Kamba itasema mwezini.

Bibi wa yule mtoto yuko kwenye siku ya pili, dainosaria wako kwenye siku ya kwanza. Mwache yeye mwenyewe apime umbali.

Mimi si mwalimu, ni mzazi. Binti yangu aliniuliza kwa nini mwezi unamegeka, nikamwambia ni kivuli cha dunia. Je, nilikosea?
*Baba wa Watatu*

Ulikosea, baba, lakini umejiuliza, na hilo ni jambo kubwa. Kivuli cha dunia kinaufikia mwezi wakati wa kupatwa tu. Usiku mwingine wote, mwezi unaangazwa nusu na jua. Kinachobadilika ni kiasi cha nusu hiyo tunachokiona kutoka hapa.

Chomeka mpira mdogo mweupe kwenye ncha ya penseli, zima taa zote ubakize moja. Binti yako aunyooshe mkono, mpira uwe juu kidogo ya kichwa chake. Kichwa chake ni dunia, taa ni jua. Akiitazama taa, upande wa mpira unaomwelekea ni giza. Ageuke polepole kushotoni: utaanza ukucha mwembamba wa mwanga, utakuwa nusu, na akiipa taa mgongo utajaa. Akiendelea, utapungua hadi giza tena. Mwezi wenyewe huchukua siku kama 29 na nusu kumaliza mzunguko huo wa sura zake. Mwishoni ashushe mpira mpaka uingie kwenye kivuli cha kichwa chake. Hapo ndipo penye jibu lako la kwanza: huko ndiko kupatwa.

Shule yetu imepata projekta na kompyuta mbili. Je, video na programu zinafaa, au tunapoteza muda?
*Mkuu wa Idara*

Zinafaa kwa vile visivyoshikika. Mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ulioanzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Carl Wieman, unatoa bure majaribio ya kwenye skrini ya sayansi na hisabati, mengi yametafsiriwa kwa lugha nyingi, na unaweza kuyapakua ukayatumia bila intaneti. Nayapenda yale ya umeme kwa sababu yanaonyesha chaji zikitembea ndani ya waya, kitu ambacho betri na balbu haziwezi kukuonyesha. Lakini betri na balbu zitangulie. Kwa video moja, nakupa hii: mwanaanga David Scott akiwa mwezini mwaka 1971, akiachia nyundo na unyoya kwa pamoja. Isimamishe kabla hajaachia. Kila mtoto aandike kipi kitatua kwanza. Ndipo uendelee, nao wataona vyote viwili vinatua kwa wakati mmoja, kwa kuwa huko hakuna hewa ya kuuzuia unyoya.

Sisi ni walimu wanne: sayansi, hisabati, jiografia na historia. Tunataka somo moja tulifundishe kwa pamoja kwa wiki nzima. Tuchague nini?
*Wanne wa Shule Moja*

Hongereni, wanangu. Chukueni kipindupindu cha London cha mwaka 1854. Hakuna somo ninalolipenda zaidi ya hili.

Mwishoni mwa Agosti mwaka huo, katika mtaa wa Soho, watu walianza kuugua na kufa. Katika siku kumi hivi walikufa zaidi ya 500, wote karibu na barabara moja iitwayo Broad Street. Madaktari wengi wa wakati ule waliamini ugonjwa unasambazwa na hewa chafu yenye harufu. Daktari mmoja, John Snow, alishuku maji.

Mwalimu wa jiografia achore ramani ya mitaa kwenye manila kubwa, yenye pampu za maji kadhaa, na akate nukta za karatasi, kila nukta kifo kimoja. Msiwape zote kwa pamoja. Toeni nukta kumi, wazibandike, wakisie chanzo. Kumi nyingine, wakisie tena. Wa hisabati awafundishe kupima, kwa kila nukta, pampu ipi ni ya karibu zaidi. Wengi watatangaza wamemaliza: ni pampu ya Broad Street.

Hapo ndipo wa historia aanze kutoa vikaratasi, kimoja kimoja, na kila kimoja kijadiliwe kabla ya kinachofuata. Cha kwanza: kulikuwa na nyumba ya maskini jirani kabisa na pampu, yenye watu 535, na walikufa watano tu. Sasa nadharia imetikisika. Wahesabu asilimia, ni chini ya moja. Kisha waambieni: nyumba hiyo ilikuwa na kisima chake. Cha pili: kiwanda cha pombe katika barabara ile ile kilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 70, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa kipindupindu. Waulizeni walikuwa wakinywa nini. Cha tatu: mjane mmoja aliyeishi mbali, Hampstead, ambako hakukuwa na wagonjwa wengine, alikufa. Waacheni wagombane. Watu wa hewa chafu watajiona wameshinda, kwa sababu kifo hicho kiko nje kabisa ya ramani. Kisha kikaratasi cha mwisho: mjane huyo alikuwa ameishi zamani Broad Street, alipenda ladha ya maji ya pale, na aliletewa chupa kila siku.

Wa sayansi ashike hapo: ni nini kilichokuwa kwenye maji, kwa nini macho hayakioni, na kwa nini kuchemsha maji kunasaidia. Mwaka huo huo wa 1854 Filippo Pacini wa Italia alikuwa amewaona vijidudu hivyo kwa hadubini, lakini wakubwa wa tiba hawakumsikiliza. Daktari Mjerumani Robert Koch alikuja kuwatambulisha kwa dunia mnamo 1883 na 1884. Waulizeni watoto kwa nini ushahidi unaweza kuwepo na usisikilizwe.

Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu uliondolewa. Msimalizie hapo kwa furaha, kwa maana vifo vilikuwa vimeshaanza kupungua. Wakazi wengi walikuwa wamekimbia. Wapeni grafu ya vifo vya kila siku bila kuwaonyesha siku ya mpini, na waambieni waweke alama pale wanapodhani uliondolewa. Wataiweka juu kabisa, pale mstari unapoanza kushuka. Waonyesheni pale ulipoondolewa kweli, kisha muwaachie kipindi kizima waamue kama mpini uliokoa watu au la, na kila kikundi kitaje ushahidi wake.

Andaeni vikaratasi wiki moja kabla. Kile cha mwisho, cha chupa ya mjane, akae nacho mmoja wenu mfukoni, wala asikitoe mpaka kelele za watu wa hewa chafu ziwe zimetulia.